Wani ya 9 Peke Yake Haikuambii Kitu: Kupima Nafasi Yako ya Kupata Kozi ya Kompyuta Chuo cha Umma

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuanzia Shangani na Ligula pale Mtwara mjini hadi Nachingwea na Ruangwa, watu huulizana swali moja tu: "Umepata ngapi?" Na majibu nayo yanafanana: wani ya 9, tuu ya 10, tuu ya 12. Mzazi anampigia simu shemeji yake Mbagala, shemeji anasema wani ya 9 ni nzuri, kijana anaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) kusoma kompyuta bila wasiwasi. Shemeji ana nia njema, ila hesabu yake imeanzia mahali pasipo sahihi.

Divisheni hutolewa na NECTA, Baraza la Mitihani, kwa kujumlisha masomo matatu ya tahasusi, na humo namba ndogo ndiyo bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6, F ni 7. Jumla ya 3 hadi 9 ni wani, 10 hadi 12 ni tuu. Vyuo vinapodahili chini ya taratibu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hutumia hesabu nyingine kabisa, na humo namba kubwa ndiyo bora: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Tena kima cha chini hakijumlishi masomo yote matatu. Kinachukua mawili, yale ambayo programu yenyewe imeyataja. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, kima hicho ni prinsipali mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4.0 kutoka kwenye masomo hayo mawili. Mwenye cheti cha 2014 au 2015 ana ngazi yake, kwa sababu miaka hiyo kulikuwa na B+: A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, na prinsipali zake mbili lazima ziwe C au zaidi.

Tuchukue watahiniwa watatu wa PCM tuone tofauti inavyokuja. Wa kwanza ana C ya Fizikia, C ya Kemia na C ya Hisabati. NECTA: 3+3+3, wani ya 9. Wa pili ana C ya Fizikia, A ya Kemia na E ya Hisabati. NECTA: 3+1+5, naye ni wani ya 9. Wa tatu ana C ya Fizikia, E ya Kemia na B ya Hisabati. NECTA: 3+5+2, tuu ya 10. Mtaani wawili wa mwanzo wanapongezwa sawasawa, na wa tatu anaambiwa "si mbaya."

Sasa wapeleke kwenye programu inayotaka Hisabati na Fizikia. Wa kwanza ana pointi 6. Wa pili ana 1+3, yaani 4, kagusa tu mlango. Wa tatu ana 4+3, yaani 7, na ndiye anayeongoza. Wahamishie kwenye programu inayokubali Hisabati pamoja na somo lolote kati ya Fizikia na Kemia: wa kwanza anabaki na 6, wa pili anapanda hadi 6 kwa sababu A yake ya Kemia sasa inahesabiwa, wa tatu bado ana 7. Wapeleke tena kwenye programu inayokubali masomo mawili yoyote ya sayansi, na yule wa pili anawapita wote kwa pointi 8. Matokeo ni yaleyale, watahiniwa ni walewale, na mpangilio umegeuka kila mara. Ndiyo maana ukiniuliza "nina wani ya 9, naweza kupata kompyuta?" sina la kukujibu mpaka uniambie herufi za kila somo na jina kamili la programu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni mwongozo wa udahili wa TCU. Hutoka kila mwaka na unapakuliwa bure kwenye tovuti yao. Uko wa aina mbili, mmoja wa wenye kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada na sifa linganifu, na watu wengi hupakua usio wao. Pakua wa mwaka huu. Ule wa kaka yako aliyeingia chuo miaka miwili iliyopita usiutumie, kwa sababu sifa za programu hubadilika, programu mpya huongezwa na nyingine huondolewa. Katika jedwali la kila chuo utakuta namba ya programu, sifa za kuingia, pointi za chini zilizowekwa na chuo, idadi ya nafasi na miaka ya masomo. Safu ya sifa ndiyo inayowaangusha watu. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa sentensi ndefu zenye "na", "au" na "angalau" zilizobebana. Isome kwa kalamu mkononi, zungushia masomo uliyonayo, kisha uone kama mawili kati yake yanatimiza sentensi nzima.

Kwa programu za kompyuta utakutana na sifa za namna tatu hivi. Zipo zinazotaka prinsipali ya hisabati ya advansi bila mjadala; hapo mwenye PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) asijisumbue. Zipo zinazotoa orodha ya masomo na kukuruhusu kuchagua mawili, halafu zinaongeza sharti kwamba kama hisabati haimo kati ya hayo mawili, uwe na angalau sabsidiari (ufaulu wa S) ya hisabati ya advansi au ya BAM, ile hisabati ya msingi ya wasiosoma hisabati ya advansi, au ufaulu fulani wa hisabati ya kidato cha nne. Sharti hili dogo ndilo linalowafungulia mlango watu wa PCB na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), na ndilo hilohilo linalowafungia. Mwenye B mbili na F ya BAM anaweza kukubaliwa na programu moja kwa sababu ana C ya hisabati ya kidato cha nne, akakataliwa na jirani yake isiyotaja kidato cha nne kabisa. Aina ya tatu ni zile zilizochanganya kompyuta na biashara au usimamizi, ambazo mara nyingi hupokea tahasusi nyingi zaidi, zikiwemo EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na ECA (Uchumi, Biashara, Uhasibu).

Na S ya BAM isikudanganye kwamba imekuongezea pointi. Kazi yake ni kutimiza sharti, basi.

Baada ya kuchuja hivyo utabaki na programu ambazo una sifa nazo. Hapo wengi huishia. Wanaona 4.0 kwenye mwongozo, wao wana 5, wanaamini wameshaingia. Ile 4.0 ni kizingiti cha kuruhusiwa kuomba. Pointi za yule wa mwisho kuchukuliwa ni jambo jingine, hazimo kwenye mwongozo, na kila mwaka zinatokana na nani kaomba. Programu yenye nafasi 100 ikiombwa na watu 700 wenye sifa, chuo kitawapanga kwa ufaulu na kukata kinapofika 100. Kumbuka pia kwamba nafasi hizo si za kidato cha sita peke yao. Wenye stashahada wanaingia humohumo.

Utajuaje basi makali ya ushindani wa programu fulani? Ishara ninayoiamini kuliko zote iko wazi kwa kila mtu, na wachache sana huitazama: awamu za udahili. Udahili wa shahada huenda kwa awamu, na awamu ya kwanza ikiisha, programu zilizobaki na nafasi ndizo zinazotangazwa kwa awamu ya pili, na pengine ya tatu. Tafuta matangazo ya mwaka jana na mwaka juzi ya vyuo unavyovitaka. Programu ambayo haikuonekana kabisa kwenye awamu ya pili kwa miaka yote miwili ilijaa awamu ya kwanza, na wenye pointi za chini hawakufikiwa. Ikiwa ilionekana awamu ya pili lakini si ya tatu, ushindani wake ni wa kati. Ile iliyokuwa bado inatafuta watu awamu ya tatu ilichukua karibu kila mwenye sifa aliyeiomba. Ishara hii haihitaji ujue pointi za mtu yeyote.

Ishara ya pili iko shuleni kwako. Kama umesoma Ndanda, Mtwara Ufundi, Lindi Sekondari au kwingineko, kuna watu waliokutangulia mwaka mmoja au miwili. Waulize mambo manne tu: herufi za masomo matatu, programu na chuo, awamu waliyochaguliwa, na wamewekwa chaguo la ngapi. Ukipata majibu kumi ya programu zinazofanana tayari una picha. Lakini kuwa makini na kasoro moja: waliopata ndio wanaoongea. Aliyeomba Sayansi ya Kompyuta na pointi 6 akakosa hatakuandikia kwenye kundi la WhatsApp la shule. Utamsikia yule mmoja aliyepata kwa pointi 6, nawe utaamini 6 inatosha. Kwa hiyo ulizia kwa makusudi waliokosa. "Nani aliomba CoICT, ndaki ya kompyuta ya UDSM, akakosa, na alikuwa na ngapi?" Jibu moja la hivyo lina thamani kuliko matatu ya waliopata.

Kisha tazama mwaka wenyewe. NECTA ikitangaza ufaulu wa hisabati na fizikia umepanda kuliko mwaka jana, pointi za kukatia nazo zitapanda kwenye programu zinazobanwa, hata kama wewe hujabadilika kitu. Ongeza nusu pointi hadi pointi moja kwenye makisio yako, usibishane na takwimu.

Baada ya hapo mimi hugawa programu katika makundi matatu. Ukiwa na pointi mbili au zaidi juu ya mtu wa chini kabisa unayemjua alichukuliwa awamu ya kwanza, hiyo ni imara. Ukiwa naye sawa au umemzidi moja, ni ya kati. Ukiwa chini yake, ni ya kubahatisha; iweke ukipenda, ila moja tu. Hizi si sheria za chuo chochote, ni namna ya kujizuia usijidanganye.

Hapa kuna hesabu ambayo hata wajanja wa hisabati huikosea. Mtu ana programu tatu za kati, kila moja anaona ana nusu kwa nusu. Anasema: uwezekano wa kukosa zote ni nusu mara nusu mara nusu, yaani moja ya nane, basi nina saba kati ya nane. Ingekuwa sahihi kama programu zile zingekuwa hazihusiani. Lakini wanaoomba programu za kompyuta UDSM, IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha) na DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kwa sehemu kubwa ni watu walewale, wenye herufi zilezile, na chuo kinatazama cheti kilekile chako. Mwaka ambao waombaji wenye pointi 7 ni wengi, wanakufunika kote kwa mpigo. Uwezekano wako halisi uko chini ya saba ya nane, na unaweza kukaribia ile nusu. Ukitaka kuupandisha, ongeza programu ya aina tofauti. Tatu zinazofanana zinakuongezea kidogo mno.

Na hapa watu wa Kusini tuna tabia yetu. Ndugu wako Mbagala na Temeke, basi la Mtwara linaishia Dar, kwa hiyo orodha ya mtoto inaanza na Dar na kuishia Dar. Naelewa, kulala kwa shangazi ni bure, na kutoka Mtwara hadi Dar tu ni zaidi ya kilomita 550. Lakini UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ina ndaki nzima ya mambo ya kompyuta, yenye Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu, Mifumo ya Habari, Usalama wa Mtandao, Uhandisi wa Mitandao na nyinginezo. Nafasi zinagawanyika kwenye programu nyingi, na macho ya waombaji wengi yako kwenye majina mawili matatu tu. MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya, ina kompyuta, Mzumbe wanafundisha TEHAMA iliyochanganywa na usimamizi, SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) wana Informatikia, chuo ambacho watu wengi wakikisikia hufikiria mbuzi na mahindi tu. IAA (Chuo cha Uhasibu Arusha) wana Sayansi ya Kompyuta, nao wana kampasi Songea, ambako mtu wa Masasi anafika kwa lami kupitia Tunduru bila kuiona Dar. IAA, IFM na DIT haviitwi vyuo vikuu, lakini ni vya umma na shahada zao zimo kwenye mwongozo uleule wa TCU.

Angalia tu kampasi. Programu inayotolewa makao makuu ya chuo haimaanishi inatolewa kwenye kila tawi lake. TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania) wana kampasi Mtwara, lakini kabla hujajiwekea matumaini ya kusomea nyumbani, thibitisha kwenye mwongozo kwamba programu unayoitaka imeandikwa kwa kampasi hiyo. Chuo Kikuu Huria nacho ni cha umma na kina vituo Mtwara na Lindi. Wana shahada ya TEHAMA, na kwa kuwa hakibanwi na vitanda wala kumbi za mihadhara, kwa mwenye sifa ni kati ya chaguo imara zaidi. Inataka tu mtu anayeweza kujisukuma mwenyewe.

Kuhusu majina ya programu: Sayansi ya Kompyuta, Uhandisi wa Programu na Mifumo ya Habari zina masomo mengi ya pamoja, hasa mwaka wa kwanza na wa pili. Uhandisi wa Kompyuta una umeme na elektroniki ndani yake na kwa kawaida huchukua miaka 4. Mwenye pointi 5 anayeng'ang'ania jina "Sayansi ya Kompyuta" vyuo vyote anajipunguzia nafasi kwa ajili ya jina.

Mwenye stashahada hesabu yake ni nyingine: ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na GPA isiyopungua 3.0 kwenye NTA ngazi ya 6, yaani stashahada yenyewe. GPA ya 2.9 haipandishwi kuwa 3.0 na mtu yeyote. Programu zinazogombewa huweka kiwango cha juu zaidi ya hicho, na nyingi hutaja fani za stashahada wanazozipokea, hivyo stashahada ya uhasibu yenye GPA 4.0 inaweza kukataliwa pale ambapo ya TEHAMA yenye 3.2 inapita. Kabla ya yote anahitaji AVN, namba ya uhakiki wa stashahada yake, kutoka NACTVET, baraza la elimu ya ufundi. Ichukue mapema, chuo ulichosoma kikichelewa kupeleka matokeo yako NACTVET, namba haitoki, na awamu ya kwanza inaisha ukiwa unapiga simu.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni pesa. Maombi hufunguliwa karibu na kutoka kwa matokeo, Julai, wakati minada ya korosho ni kuanzia Oktoba. Kila chuo kina ada yake ya maombi na hairudishwi. Familia yenye uwezo wa kulipia vyuo viwili tu isivitumie vyote viwili kwenye kubahatisha: kimoja kiwe cha kati, kingine imara. Ndani ya chuo kimoja unapanga programu kadhaa kwa ada ileile, kwa hiyo jaza nafasi zote unazoruhusiwa, na ya mwisho iwe ile imara.

La pili ni simu. Wengi hapa hujaza maombi kwenye steshenari. Kijana wa dukani anafungua akaunti, na kwa kuharakisha foleni anaweka namba yake mwenyewe ya simu na barua pepe yake. Matokeo ya udahili yakitoka, ujumbe unaingia kwenye simu ya muuza karatasi. Kabla hujabonyeza kutuma, gusa skrini ujisomee mwenyewe tarakimu kumi za simu yako, kisha andika nywila kwenye daftari lako. Hakikisha pia namba ya mtihani wa kidato cha nne imekaa sawa, namba ya kituo, ya mtahiniwa na mwaka. Ndiyo inayovuta taarifa zako kutoka NECTA. Aliyerudia mtihani aweke namba zote, akiacha moja mfumo unaweza kumwona hana sifa.

La tatu ni JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Ukiwa kambini kwa mujibu wa sheria wakati wa maombi, hutakuwa na simu muda wote. Mwachie mtu mmoja nyumbani laini, nywila na orodha iliyopangwa tayari kwa mwandiko wako. Mtu mmoja, wakiwa watatu kila mmoja atabadilisha chaguo la kwanza.

Awamu ya kwanza ikitangazwa, aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu au barua pepe. Wenye pointi kubwa wakithibitisha kimoja wanaachia nafasi kwingine, na nafasi hizo ndizo zinazolisha awamu ya pili. Kwa hiyo ukikosa awamu ya kwanza, usirudie orodha ileile. Chukua tangazo la programu zenye nafasi, chuja upya kwa pointi zako mbili, na safari hii acha ya kubahatisha nje. Kuingia programu yoyote ili uhame baadaye ni mpango dhaifu: kuhama kunataka uwe na sifa za programu unayoihamia na iwe na nafasi, na zile zilizojaa awamu ya kwanza ndizo hizohizo unazozitaka.

Mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ni ombi jingine, lenye mfumo wake na tarehe zake, na linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kuchaguliwa chuo hakukupi mkopo.

Namba ya kuthibitisha isipofika ndani ya siku moja, ingia kwenye akaunti yako ya chuo uombe itumwe tena, kisha uthibitishe siku hiyohiyo. Siku ya mwisho mifumo ya vyuo huelemewa, na mtandao wa Liwale au Nanyumbu ukikatika saa tatu usiku, hakuna ofisi iliyo wazi ya kukusaidia.